Zulia la Waridi na Fundi Wangu

"Nyumbani unaishi na nani?"

Swali la bosi lilinikuta nimeinama, nakagua suti ya kuzamia.

"Peke yangu. Mchumba wangu huja jioni. Kwani vipi?"

Akanigeuzia kompyuta. Ilikuwa picha ya chini ya bahari, mahali nilipozamia Jumanne. Jumanne nililiacha zulia zima la mwani wa rangi ya waridi. Sasa palikuwa na mfereji wa tope, mpana kama barabara.

Mwani wetu si ule unaoyumbayumba. Huu ni mgumu kama jiwe, una vitawi vifupi, umelala sakafuni bila mizizi. Humo hujificha kaa wachanga, chaza na visamaki visivyofika ukubwa wa ukucha. Kwa mwaka hukua milimita moja, nao ukijitahidi. Kampuni ya chokaa huufyonza kwa meli, ikausaga, ikauza mbolea. Ni marufuku, lakini bahari haina uzio. Kinga ilikuwa moja tu, kwamba namba za mahali ulipo tulizijua wawili, mimi na bosi.

"Hili ni la tatu," bosi akasema. "Mdogo wangu, mimi sijamwambia mtu. Bodi ya hifadhi inakaa Jumatatu, na jina litakalotajwa ni lako."

"Unanishuku?"

"Ningekushuku nisingekuambia. Huyo mchumba je?"

"Bosi! Yule ni fundi wa injini. Hata kuogelea hajui."

"Anayehitaji kufika kule si yeye. Ni meli."

Nilitoka nimenuna. Nikamkuta Fundi keshafika kwangu, ananuka dizeli, anatabasamu.

"Samaki wangu, pole na kazi. Lete kibao nikusugulie."

Hiyo kazi alijitwalia mwenyewe. Chini ya maji tunaandika namba za mahali na hesabu zetu kwa penseli kwenye kibao cha plastiki, na maandishi hayatoki mpaka uyasugue kwa dawa ya meno. Kila jioni nikirudi, yeye na kibao bafuni. Nilikuwa nikijisifu kwa shangazi kwamba nimepata mwanaume wa kunisugulia kibao!

"Leo sikuzamia," nikamwambia.

"Aa. Basi pumzika."

Lakini macho yalibaki kwenye begi langu. Alipokwenda jikoni, simu yake ikalia mezani. Sina tabia ya kusoma simu za watu. Siku hiyo nilisoma.

*"Zile za Jumanne zilikuwa sahihi. Nafasi yako ipo. Tunataka nyingine kabla ya wiki kuisha."*

"Nani huyo?" nikamuuliza.

"Jamaa wa vipuri. Anataka namba za pampu."

Alijibu kabla sijamaliza kuuliza. Nikatoka nje. Nikampigia shangazi.

"Shangazi, mtu akikusaidia kila siku bila kuombwa, utamshuku?"

"Wewe! Harusi wiki mbili zijazo, kadi zimeshatoka. Unatafuta mchawi?"

"Sitafuti. Nataka kujaribu kitu."

"Jaribu. Ila ukipata jibu usije ukaniuliza ulifanyie nini."

Kesho yake nikaandika namba za uongo. Nilichagua mahali penye mchanga mtupu, hata gamba hakuna, nikaandika juu yake: *Kubwa kuliko yote.* Bosi alijua, na watu wa doria walijua. Nikampelekea Fundi kibao mwenyewe, huku namwomba Mungu anioneshe kuwa mimi ndiye mjinga.

Alikaa bafuni dakika kumi. Sikwenda kuchungulia. Niliogopa.

Ijumaa asubuhi tulikuwa kwenye boti ya doria, nyuma ya kisiwa. Saa tatu meli ya chokaa ikatokeza, ikasimama palepale, ikashusha bomba.

"Mchanga mtupu," bosi akanong'ona. "Mwenye akili zake angefuata nini pale?"

Nikapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kwa fundi cherehani, najaribu suti ya harusi."

Nikainua darubini. Kwenye sitaha alisimama mtu na simu sikioni, mkono mwingine umeziba sikio la pili.

"Suti ya bluu?"

"Eeh? Nyeusi, si tulikubaliana?"

"Mimi naona ovaroli ya bluu. Ina mafuta begani."

Akageuka taratibu, akaiona boti yetu. Simu ikakatika.

Gatini aliniomba dakika mbili, na askari wakamruhusu.

"Walinipa ufundi mkuu," akasema. "Meli nzima! Miaka kumi na miwili nimewashikia watu spana. Nilitaka uolewe na mtu wa maana."

"Nilikuwa naolewa na mtu wa maana."

"Yale ni mawe tu, jamani!"

"Yana miaka elfu nne. Mazulia matatu mmeyamaliza kwa mwezi mmoja."

Akanishika mikono.

"Nisamehe. Sema kibao ulikisahau mahali, mtu akakiokota. Wewe una elimu, wakikufukuza utapata kazi nyingine. Mimi nitapata wapi? Tufunge ndoa yetu, yaishe."

Mpaka hapo, nawaambia ukweli, nilikuwa bado nampenda. Ningelia, ningemsamehe polepole. Lakini mtu aliyenitumia kama daraja, sasa anataka nilale chini avuke tena?

"Fundi, mikono yangu."

"Nini?"

"Iachie."

Bosi aliniuliza kama jina la Fundi aliandike yeye kwenye ripoti. Nikamwambia nitaandika mwenyewe. Nikaandika na kosa langu pia, la kupeleka namba nyumbani. Bodi ilinipa onyo kali na kuniachia kazi.

Nikampigia shangazi.

"Shangazi, zile kadi zirudishwe."

"Kadi hazirudi, mwanangu. Watu nitawaambia mimi. Umekula?"

Siku iliyokuwa ya harusi nilizamia kwenye zulia la nne, la mwisho. Nikaweka fremu yangu ya kupimia sakafuni nikaanza kuhesabu vitawi vilivyo ndani yake. Nilipofika arobaini na mbili nikalia, na machozi ndani ya barakoa hayafutiki kwa mkono. Unaibana juu, unapuliza kwa pua mpaka yatoke. Nikapuliza. Arobaini na tatu.