Kifaru Aingia Barabarani

Kila asubuhi mlango wa bati wa karakana ulifunguliwa kwa kishindo. Majirani wakisikia kishindo hicho, walijua Cheche ameingia kazini.

Cheche lilikuwa jina la utani. Mwenye jina hilo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, vitanda na madawati ya shule, vyote vilipita mikononi mwake. Mume wake alikuwa fundi cherehani. Yeye watu walimwita Sindano, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya wembamba wake. Sindano alishonea chumba cha mbele. Karakana ilikuwa nyuma. Ukuta mmoja tu uliwatenganisha.

"Mke wangu, punguza makelele!" Sindano aliita siku moja. "Nashona suti ya bwana harusi. Mkono ukiteleza, ataoa na mguu mmoja wa suruali!"

"Basi mshonee kaptura!" Cheche alijibu, na nyundo ikaendelea.

Walikuwa na mengi ya kujivunia, lakini fahari yao kubwa ilikuwa Kifaru.

Kifaru lilikuwa gari. Walilinunua likiwa limekufa, limelala kwenye majani, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Cheche alilifufua. Aliunda upya sakafu na milango. Alifunga springi ndefu, gari likainuka juu. Alifunga matairi makubwa yaliyomfika kiunoni. Matairi yalipogusa madigadi, yale mabati yanayoyafunika, aliyakata madigadi akayatupa. Juu ya paa aliweka safu ya taa kali, na kwenye bampa pembe mbili za chuma. Sindano naye alishona viti, turubai la nyuma na hata mikanda ya kujifunga.

Siku za mapumziko walimchezesha Kifaru kwenye machimbo ya mawe yaliyofungwa, nyuma ya karakana. Mwenye machimbo aliwaruhusu. Kifaru alipanda miamba ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili.

Jioni moja ya masika, mdogo wake Sindano alikuja kuwatembelea. Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope, na uso wake ulikuwa umechoka.

"Wifi, kuna nini?" Cheche aliuliza, akiingia chumba cha mbele na nyundo mkononi.

"Leo tulikuwa tunapeleka chanjo zahanati ya mlimani," muuguzi alisema. "Gari letu lilizama kwenye tope katikati ya njia. Tulipolitoa, barafu ya kupozea chanjo ilikuwa inayeyuka. Ikabidi turudi. Wifi, akina mama walikuwa wanatungoja kule juu na watoto mgongoni. Wamerudi nyumbani bila chanjo."

Sindano alisimamisha cherehani.

"Kituo kinatafuta gari la kukodi, linaloweza kupanda mlima wakati wa mvua," muuguzi aliendelea. "Nikasema, kwetu lipo! Lakini mganga mkuu akaniuliza, limesajiliwa? Lina bima?"

Wote watatu walikwenda karakana, wakamtazama Kifaru. Kifaru hakuwa na kibao cha namba, mbele wala nyuma.

"Hilo dogo," Sindano alisema. "Kuna jamaa mmoja mjini anauza vibao vya namba. Tunafunga, tunaondoka."

Cheche aliweka nyundo chini.

"Vibao vya uongo? Kwenye gari nililolifufua kwa mikono yangu? Afadhali kuku warudi kutagia humo!"

"Na ukigonga mtu, kaka?" muuguzi aliuliza. "Bima hailipi gari la namba bandia. Wewe utaingia jela, na aliyeumia hatapata msaada wowote."

Sindano alikuna kichwa. "Nilikuwa nasema tu."

"Mwite Bibi Breki," muuguzi alisema. "Si jirani yenu? Amekagua magari mpaka akastaafu."

Bibi Breki alikuja kesho yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani na sauti ya kuamuru. Alimzunguka Kifaru kimya kimya. Aliinama, akachungulia chini. Alisukuma, akavuta, akatikisa. Cheche alimfuata nyuma kama mwanafunzi siku ya matokeo.

"Umechomelea wewe?" Bibi Breki aliuliza, akipitisha kidole kwenye kiungo cha fremu.

"Ndiyo, Bibi."

"Kazi safi." Cheche akatabasamu. "Sasa panda, ukae kwenye usukani. Tazama mbele."

Cheche alipanda. Bibi Breki alitembea huku na huku mbele ya gari.

"Mbele yako unaona nini?"

"Ukuta, Bibi."

"Na nini tena?"

"Hakuna kingine. Njia ni nyeupe."

"Shuka uone."

Cheche alishuka. Mbele ya boneti, karibu kabisa na bampa, Bibi Breki alikuwa amepanga ndoo mbili za rangi, moja juu ya nyingine.

"Hicho ni kimo cha mtoto anayejifunza kutembea," Bibi Breki alisema. "Ungeondoa gari, usingejua kitu."

Cheche aliitazama ile ndoo ya juu, kisha akautazama usukani.

"Gari hili ni jema kwenye machimbo," Bibi Breki alisema kwa upole. "Kule uko peke yako na mawe. Barabarani uko na watu. Kila kitu utakachobadilisha, jiulize, mtu wa nje atapata usalama? Na wa ndani je?"

"Kwa hiyo nilishushe?"

"Usikate chuma bado! Watu wengi hukosea hapo. Wanatengeneza kwanza, wanauliza baadaye. Kanuni hazifanani kila mahali. Nendeni ofisi ya usajili. Ulizeni gari linaruhusiwa kuinuliwa kiasi gani. Ulizeni matairi ya aina gani yanaruhusiwa. Hati ya kununulia mnayo?"

"Ipo," Sindano alisema. "Aliyetuuzia alitia sahihi."

"Vizuri. Na namba ya fremu inasomeka?"

Cheche alifuta mafuta kwa kitambaa. Namba ikaonekana, imechongwa kwenye chuma.

"Hapo pasiguswe kwa msasa wala moto," Bibi Breki alisema. "Hiyo ni alama ya kuzaliwa ya gari. Ikifutika, watadhani mmeliiba."

Walikwenda ofisi ya usajili, wakauliza, wakajibiwa. Waliporudi, Cheche alikaa muda mrefu mbele ya Kifaru. Springi zilikuwa ndefu kupita kiasi kinachoruhusiwa. Matairi yalikuwa mapana mno, tena ya aina isiyofaa kwa lami.

"Kimo chake ndicho kilichompa jina," alimwambia mumewe. "Nikimshusha, atakuwa kifaru gani? Si atakuwa nguruwe tu?"

Sindano hakucheka. "Suti nzuri ni ile inayomkaa mwenyewe," alisema. "Hata kitambaa kiwe ghali namna gani, nisipopunguza pale panapozidi, mtu hawezi kutembea."

Cheche alivaa miwani ya kuchomelea.

Kazi ikaanza. Alifunga springi fupi na matairi madogo zaidi, yanayoruhusiwa barabarani. Kifaru akashuka. Bibi Breki alizipanga tena zile ndoo mbele ya boneti. Safari hii Cheche aliona ile ya juu vizuri akiwa kwenye usukani. Hata hivyo Bibi Breki alimfundisha kulizunguka gari kwa miguu kila mara kabla ya kuliwasha.

Kisha Cheche aliunda madigadi mapya, yaliyofunika matairi yote. Nyuma ya kila tairi alining'iniza kipande cha mpira.

"Cha nini hiki?" Sindano aliuliza.

"Tairi huokota jiwe na kulirusha," Bibi Breki alimjibu. "Bila hiki, jiwe linavunja kioo cha anayekufuata, au linampiga mwendesha baiskeli."

Cheche alikata pembe mbili za chuma alizokuwa amezichomelea kwenye bampa, akailainisha bampa yote, isimchome mtu. Alifunga vioo vya pembeni, wipa za kufuta kioo na honi. Alifunga taa za nyuma, taa za breki na za kuonyesha unapopinda. Zile taa kali za paani alizipa swichi yake peke yake na vifuniko, ili barabarani zisiwake na kupofusha wanaokuja. Bomba la moshi, lililokuwa likinguruma mpaka kuku wa jirani wakaacha kutaga, lilifungwa kizuia sauti. Breki zote zilifunguliwa, zikasafishwa, zikafungwa upya. Fundi wa umeme wa magari aliitwa kukagua nyaya, maana Cheche alijua chuma kuliko umeme, na hakuona aibu kusema hivyo.

Siku ya ukaguzi ilipofika, Sindano alivaa shati jipya na kushika ufunguo.

"Unakwenda wapi?" Bibi Breki aliuliza.

"Si kwenye ukaguzi?"

"Gari lisilosajiliwa haliingii barabarani, hata kama linakwenda kukaguliwa. Ombeni kibali, au libebeni."

Basi Kifaru alibebwa juu ya lori. Mtaa mzima ulitoka kutazama. "Kifaru anaumwa!" mtu mmoja alipiga kelele. "Anapelekwa hospitali!" Cheche aliangalia mbele, uso mkavu.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole, asiye na haraka. Alipima kimo. Aliwasha taa moja moja. Aliliendesha gari kwenye uwanja, akafunga breki ghafla. Kifaru akasimama pale pale, hakuyumba. Kisha mkaguzi akaingia ndani, akashika mkanda wa kiti na kuuvuta kwa nguvu.

"Mkanda huu mmeununua wapi?"

"Nimeshona mwenyewe," Sindano alisema, kifua mbele. "Uzi wa turubai, mishono mitatu mitatu."

"Umeshona vizuri, bwana. Ila siwezi kuupitisha. Gari likigonga, mtu hurushwa mbele kwa nguvu kubwa sana. Mkanda lazima uwe wa kiwandani, uliokwisha kupimwa kwa kazi hiyo. Tena umeshikwa na bati la sakafu. Bati litachanika. Ufungwe mahali penye chuma kinene."

Kifaru hakupita. Walipofika nyumbani, Sindano alikaa kwenye cherehani bila kuikanyaga.

Cheche alimletea chai. "Mimi niliziondoa springi zangu ndefu," alisema. "Nilidhani nitalia."

"Nilifikiria jambo moja tu," Sindano alisema. "Nilimwona mdogo wangu amekaa kwenye kiti kile, amefungwa mkanda wangu, sanduku la chanjo mapajani. Na bati linachanika."

"Halikuchanika," Cheche alisema. "Limeonekana mapema."

Alinyanyuka akaenda karakana. Aliunda vishikizo vinene, akavifunga kwenye fremu kama mkaguzi alivyomwelekeza. Sindano ndiye aliyekwenda kununua mikanda ya kiwandani, na ndiye aliyeijaribu yote kwa kuivuta mpaka jasho likamtoka.

Walirudi kwenye ukaguzi. Mkaguzi alivuta mkanda wa kwanza, wa pili, na yote iliyobaki. Akachungulia chini, akagonga vile vishikizo kwa kidole. Kisha akamwita mwenzake.

"Hebu njoo uone mchomeleo huu," alimwambia. "Mimi ningependa magari yote yanayokuja hapa yawe hivi."

Kifaru alipita.

Baada ya hapo walisajili gari, wakapewa namba. Kwenye bima Cheche alieleza kila kitu alichobadilisha, hakuficha hata kimoja. Bibi Breki alikuwa amemwonya kuwa ukificha, siku ya ajali unaweza kukosa malipo. Vibao vya namba alivifunga yeye mwenyewe, cha mbele na cha nyuma. Alivifuta kwa kitambaa safi, ingawa vilikuwa vipya.

Kituo cha afya kikalikodi gari. Mvua ilinyesha wiki nzima. Asubuhi ya kwenda mlimani, muuguzi alikaa mbele na sanduku la chanjo, mkanda umemkaza vizuri. Sindano alikaa nyuma. Cheche alilizunguka gari, akatazama chini na mbele, kisha akapanda kwenye usukani.

Walipita barabara ya lami, mchana kweupe, katikati ya magari mengine. Walipowafikia askari wa barabarani, Cheche alipunguza mwendo bila moyo kumdunda. Askari alikagua leseni na bima, akazitazama taa, akasema, "Safari njema, mama."

Mwisho wa lami, mlima ulianza. Tope lilikuwa zito kama uji. Cheche aliingiza gia ya nguvu. Matairi yalizunguka, yakateleza, yakashika. Kifaru hakuwa mrefu kama zamani, lakini alipanda. Sindano alishika turubai kwa mikono miwili na kupiga vigelegele kama mwanamke. Hakujali.

"Kaka, nyamaza, utaamsha chanjo!" muuguzi alisema, naye akicheka.

Zahanati ilikuwa kwenye uwanda wa juu. Akina mama walikuwa wamejipanga kwenye baraza, watoto wamefunikwa khanga. Walipoliona gari, walisimama. Muuguzi alishuka na sanduku, akafungua kifuniko. Barafu ilikuwa bado ngumu.

Watoto wakaanza kuchanjwa, na vilio vikaanza.

Mlinzi wa zahanati alimzunguka Kifaru mara kadhaa. Aligonga madigadi. Alisoma kibao cha namba. Alitafuta jina la kampuni mbele, akatafuta nyuma, asilione.

"Mama," alimwambia Cheche, "gari kama hili sijapata kuliona. Kiwanda chake kiko wapi?"

Cheche alikuwa na tope usoni, nywele zimelowa. Alimtazama Sindano, kisha akanyoosha mgongo.

"Unaongea nacho," alisema.