Taa za Shaba za Rebeka

"Dada, hiyo taa itakuua."

Rebeka alishtuka, taa ikataka kumponyoka. Ilikuwa Jumamosi, kwenye duka la vifaa vya umeme pale mtaa wa Makoroboi, watu wamebanana mpaka mlangoni, huyu anaulizia soketi, yule anavuta waya kama anavuta ng'ombe mbishi. Mbele yake alisimama kaka mrefu, shati la buluu limepigwa pasi likakubali.

"Itaniua kwa bei au kwa uzuri?"

"Kwa umeme." Akaikwangua kwa ukucha. Rangi ya dhahabu ikabanduka, bati likachungulia. "Unaona? Bati tupu, wala hakuna pa kufungia waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini. Umeme ukivuja, wa kuupokea ni wewe."

Taa zenyewe zilikuwa za ukutani, za mtindo wa zamani: mkono uliopinda kama shingo ya korongo, na juu yake kioo chenye tumbo kama cha chemli. Rebeka alijenga nyumba yake Kiseke chumba kwa chumba, kwa cherehani yake ya pale Igoma, akishona sare za shule. Tangu msingi alizitamani taa za namna hiyo sebuleni.

Yule kaka, Masele, fundi umeme, akampeleka rafu ya nyuma. Akapuliza vumbi. Zikatokea nne za shaba ya kweli, nzito mkononi.

"Hizi ndizo za mke wa mtu."

"Nani kakwambia mimi ni mke wa mtu?"

"Hilo ndilo nililokuwa nataka kujua."

Rebeka akacheka mpaka muuza duka naye akacheka. Rebeka akalipa, Masele akalibeba boksi ili aje kumfungia. Mapenzi yakaanzia hapo.

"Fundi wangu, umekula?" Rebeka alikuwa akimpigia mchana.

"Nimekula sauti yako. Sasa nangoja ugali na sato."

Lakini miezi minne ikapita, boksi bado liko kwa Masele. Kila Jumamosi ni "wiki ijayo, mpenzi." Shangazi Dorotea akamwita Rebeka pembeni.

"Mwanangu, nyumba umejenga mwenyewe. Mwanaume wa Kisukuma akihamia kwa mwanamke, nduguze watamwambia kaolewa yeye. Huyo haogopi kufunga taa. Anaogopa kulala chini yake."

Jioni ile Rebeka akamuuliza kwenye simu. "Masele, unaionea aibu nyumba yangu?"

"Baba mdogo anasema dume halihamii zizi la jike."

"Na wewe unasemaje?"

"Tuongee wiki ijayo, mpenzi."

Rebeka akakata simu. Jumatatu, kwa hasira, akaenda kununua zile za bati, akaokota fundi wa njiani, na kufika alasiri zilikuwa ukutani zinang'aa.

Jumatano akazifuta kwa kitambaa kibichi, swichi ikiwa imezimwa. Kitu kikampiga mkono mpaka begani, kikamtupa juu ya kochi. Alikaa pale akihema, meno yakigongana. Swichi imezimwa, lakini umeme umo; fundi kakosea nyaya! Akampigia yule fundi, hapatikani. Kumpigia Masele akaona ni kujishusha. Basi akawa anaishi ndani ya nyumba yake kama mgeni, anapita katikati ya sebule, kandambili miguuni hata akitoka kitandani.

Jumamosi yuko kwenye cherehani, simu ikaita.

"Nipo sebuleni kwako," Masele alisema, sauti ina kicheko. "Ufunguo kanipa jirani yako, Mama Suzana. Nimekuja na boksi letu, nakuta umenipachikia makopo ukutani! Ngoja niyang'oe."

"Masele, usiguse!"

"Tulia mama, swichi nimeshazi..."

"Swichi inadanganya! Masele!"

Akasikia ukelele mfupi, kisha kishindo, kisha bati likibiringika sakafuni. Halafu hakuna kitu.

Akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Na tena.

Hakumbuki alivyopanda bodaboda. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni, ikimpiga kifuani njia nzima ya Buswelu mpaka Kiseke. Dereva alipouliza kona, alinyoosha kidole tu. Nilijua, alikuwa anajiambia. Nilijua tangu Jumatano, nikanyamaza. Mama yake nitamwambia nini?

Mlangoni Mama Suzana alikuwa ameweka mikono kichwani. Rebeka akaingia akishika ukuta, akakumbuka umeme, akauachia.

Masele alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kochi, midomo ya kijivu, kiganja kimefungwa kwa kanga ya jirani. Ngazi imelala pembeni.

"Ngazi iliteleza ikaniachanisha na taa," alisema polepole. "Simu naiona inaita, mkono unakataa."

Rebeka akampiga begani, kisha akamkumbatia, kisha akampiga tena. "Fundi gani wewe hupimi?"

"Tesita ya kupimia umeme nimeisahau. Wivu kwa fundi mwenzangu ndio sikuusahau."

"Ilinipiga Jumatano, Masele. Nikakaa kimya kwa kiburi. Ningekuua."

"Na mimi nilikaa kimya miezi minne," akasema.

Zahanati wakampima moyo, wakamfunga kidonda, wakamwacha apumzike mpaka saa kumi. Waliporudi, Masele akasimama wima, mgongo ukutani, pale zilipokuwa zimetoka nyaya.

"Chukua penseli. Taa ya ukutani hupimwa kwa kimo cha macho ya wenye nyumba. Nipime."

"Wenye nyumba?"

"Nimempigia baba mdogo kutoka zahanati. Nimemwambia ng'ombe wa mahari wataenda kwa wazazi wako kama kawaida, na mimi nitakuja Kiseke."

"Akasemaje?"

"Akakata simu. Atapiga tena, namjua. Haya, unanioa au hunioi?"

"Mwone huyu! Anayeolewa ni mimi."

"Basi pima, mke wangu."

Rebeka akaishika penseli. Akaziangalia zile nyaya zilizochomoza.

"Umeme?"

"Umezimwa kwenye mita."

"Na nani?"

"Na mimi, kwa mkono huu mzima."

Akaiweka penseli mezani, akatoka nje, akaitazama swichi kubwa ya pale kwenye mita. Ipo chini, imezimwa. Akarudi mpaka mlangoni, akageuka, akaenda kuitazama mara ya pili, akamwambia Mama Suzana asimame palepale na asimruhusu mtu kuigusa. Ndipo akaingia, akachora mstari mmoja ukutani, sawa na macho ya Masele.