Mikono ya Mwanvua Ilikuwa na Hina

—Nisomee, dada. Si unaona mikono yangu?

Nilikuwa naiona, mimi ndiye niliyeifunga. Mdogo wangu Mwanvua alikaa mkekani, mikono yote miwili imeviringishwa majani ya mnyonyo na vitambaa, kama mtu aliyeungua. Mle ndani mlikuwa na kazi yangu ya tangu alfajiri: hina niliyoikanda kwa ndimu na chai kali, na juu ya kila ukucha jani moja dogo la mkwaju. Unapaka hina kulizunguka, unaliacha, na ukilibandua unakuta ukucha mwekundu wenye jani jeupe katikati. Mwanza nzima, anayetaka kucha za namna hiyo anakuja Kirumba kwa Mastura. Ndiye mimi.

Lakini Ijumaa ile, wiki moja kabla ya uhuru, nilikuwa nimeshika barua badala ya hina.

Aliileta Bernadeta, dada yake Ngosha. Alikataa kuingia, tukasemezana mlangoni.

—Mpe mkononi mwake, alisema.

—Mkono gani? Amefungwa hina. Leo anaolewa, hujui?

—Najua, ndiyo maana nimekuja mbio. Ngosha yuko bandarini, anaondoka na meli ya Bukoba saa kumi. Amesilimu, Mastura. Tangu juzi. Mama yetu analia kama kafiwa. Mwambie Mwanvua.

Ngosha alikuwa karani wa pamba, Msukuma, Mkristo. Walipendana na Mwanvua miaka miwili. Alipokuja kuposa, baba yetu, Mzee Bilali fundi cherehani, alimjibu kwa upole: kijana, sina neno nawe, ila dini. Ngosha akaondoka kimya, miezi ikapita. Wakaja kuposa watu wa Shaibu kutoka Tabora, na Mwanvua akakubali kwa kuchoka kungoja. Sasa wageni walishashuka na treni, pilau iko jikoni, nikahi baada ya swala ya Ijumaa, kesho tunamtoa bibi harusi.

Na mimi nilikuwa mwanamke niliyeachika, nimerudi kwa baba na sanduku langu. Aibu ya kwanza katika nyumba ile niliileta mimi. Nikamfikiria baba akisimama mbele ya watu wale kuwaambia warudi kwao. Mniseme mtakavyo, niliona siwezi.

Nikaifungua barua mbele ya Mwanvua, nikasoma maneno ambayo hayakuwamo.

—"Mwanvua, nakutakia heri. Nimepata kazi Bukoba, na kwetu wamenitafutia mchumba. Nisahau. Ngosha."

Mwanvua alinyoosha shingo kuitazama karatasi.

—Rudia.

Nikarudia. Mara ya pili uongo ulikuja wenyewe.

—Nishikie hapa machoni, niuone mwandiko wake tu.

—Utaharibu kucha ukihangaika. Tulia.

Machozi yakamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Nilimfuta mimi, kwa ncha ya kanga yangu.

—Iweke chini ya mto wangu, dada. Nitaisoma ukinifungua.

Nikaiweka, nikijiambia kwamba nitaichoma kabla sijamfungua. Ndipo baba akaingia, kanzu nyeupe, tayari kwa msikiti.

—Mwanangu, dini inanitaka nikuulize, nami nakuuliza kwa moyo. Umeridhia nikuoze kwa Shaibu? Ukisema hapana, sikulazimishi.

Neno moja tu lingetosha, nami nikainama kukaza fundo la kitambaa mkononi mwake. Mwanvua aliutazama mto.

—Nimeridhia, baba.

Baba akaenda. Mchana kutwa sikupata nafasi ya kuichoma ile barua. Wanawake wa Tabora waliingia na kutoka, na Mwanvua aliulalia ule mto, hakunyanyua kichwa hata nilipomlisha uji kwa kijiko. Karibu saa kumi baba alirudi, ananukia udi.

—Imekwisha, mwanangu. Wewe sasa ni mke wa mtu. Mungu awape masikilizano.

—Amina. Baba, chini ya mto wangu kuna barua ya Ngosha. Ya kuniaga. Sitaki kuingia kwa mume na siri. Isome, kisha uichane.

—Umechoka, baba, nilidakia. Nipe niichane mimi.

—Kaa, Mastura.

Akavaa miwani yake ya cherehani. Baba alisoma kwa sauti kila alichosoma, ndivyo walivyomfundisha.

—"Mwanvua wangu. Nimesilimu. Sasa naitwa Idrisa. Baba yako alisema kikwazo ni dini tu, nami nimekiondoa. Najua leo mna wageni, naona haya kuja bila kuitwa. Niko bandarini. Ukiniita, nitakuja kwa mzee kabla ya swala. Usipoita, nitajua umempenda mwenzangu, na sitakusumbua tena."

Akaishusha karatasi polepole. Mwanvua hakunitazama. Baba ndiye aliyenitazama.

—Wewe ulimsomea nini?

—Niliogopa aibu yako, baba. Wageni wameshafika.

—Wageni ningewaomba radhi. Wangekula pilau yao, wakapanda treni. Yule kijana nilimwekea sharti mimi, akalitimiza.

Akamgeukia Mwanvua.

—Na wewe nilikuuliza, mwanangu. Ulisema umeridhia.

—Niliridhia barua nyingine, baba.

Meli ikapiga honi. Kutoka kwetu Kirumba ilisikika vizuri. Mwanvua alitaka kuinuka, lakini bila mikono mtu hainuki mkekani kwa urahisi. Akajaribu mara mbili, akaketi.

—Hakuna namna?

—Nimeshatamka mbele ya mashahidi. Shaibu hana kosa lolote, alikula chakula na mimi sasa hivi, anacheka. Nitamwambia nini?

Honi ya pili ikalia. Nikasogea kumfuta machozi. Akageuza uso ukutani.

—Nifunguliwe mikono, akasema. Lakini si na yeye.

Baba akapiga magoti mkekani na kanzu yake ya msikitini. Aliyafungua mafundo yangu kwa vidole vya mtu wa uzi na sindano, kitambaa kimoja baada ya kingine, akabandua hina iliyokauka na yale majani ya mkwaju moja moja. Kucha zilikuwa zimekolea kweli. Sijawahi kupaka nyingine zikatoka vile, na nilichukia kuona hivyo.

Baba alizishika zile kucha kwa muda mrefu.

—Hii inachukua siku ngapi kutoka? aliuliza.

Mwenye kujua nilikuwa mimi peke yangu.

—Ya ngozini wiki mbili, baba. Ya kucha haioshwi. Inangoja mpaka ukucha ukue wote.

Mwanvua akaniambia nitoke nje.