Jiwe la Mate

Kama unakula, weka sahani chini kwanza. Haya hayaendi na chakula.

Juu kabisa ya barabara ya mlimani, pale inapoanza kuteremkia upande wa pili, palikuwa na jiwe jeupe. Waendesha baiskeli wakifika hapo hoi bin taabani, walilitemea mate. Ndiyo kuuaga mlima, walisema. Miaka nenda miaka rudi, kohozi juu ya kohozi, jiwe likaota ganda la manjano linaloteleza. Kinyaa kitupu!

Hatua kumi kutoka hapo, mke wa fundi baiskeli aliuza chai. Mumewe, waliyemwita Spoku, alinyoosha magurudumu mlangoni, na mtoto wao wa miezi minane alikaa mkekani akiota meno, udenda ukimchuruzika hadi kitovuni. Mama huyo alikuwa msafi kupita kiasi. Asubuhi moja uvumilivu ukamshinda, akachukua ndoo, sabuni na brashi ya kusafishia minyororo, akalisugua jiwe mpaka likang'aa.

"Mke wangu, hilo halijawahi kuguswa," Spoku akasema.

"Ndiyo maana linanuka. Na atakayetema tena, chai yangu hanywi!"

Wateja wakacheka, wakameza mate yao.

Kesho yake kikombe kilichooshwa kilikuwa na utelezi. Akakiosha tena, kikateleza tena. Jikoni pakaanza kunuka kama kinywa cha mtu aliyeamka na njaa. Mteja mmoja alipiga funda la chai, akashusha kikombe, na uzi mzito ukavutika toka kikombeni hadi mdomoni mwake, usikatike. Alitapika juu ya baiskeli yake mwenyewe.

Mchana wa siku ya tatu ukungu ulishuka. Mama akasikia chumbani lamb, lamb, taratibu, kama paka na sahani ya maziwa, ila wao hawakufuga paka, akasukuma mlango, akamkuta mtoto peke yake, uso umelowa hadi kwenye kope, umelambwa mpaka nywele zimelala upande mmoja, na alipomtia kidole mdomoni akakuta ndani kukavu kama msasa, ulimi umegandia kaakaa, hawezi kunyonya, hawezi hata kulia.

Spoku akamleta shangazi yake, mganga wa majini. Bibi huyo alinusa mlango tu, akaziba pua.

"Nani kalisafisha jiwe?" akanong'ona.

"Mimi, shangazi."

"Lo! Umemwaga chakula cha jini mwenye jiwe. Sasa anakula kwa mtoto. Mrudishieni, ama mtoto hafiki Jumapili."

Basi yule yule aliyekuwa akiosha kijiko mara tatu akapiga magoti mbele ya jiwe, akatema mpaka mdomo ukakauka. Spoku naye. Waendesha baiskeli walipotokeza, mama akawakimbilia analia: "Temeni, kaka zangu! Ya kifuani kabisa, nawaomba!" Wakatema kwa foleni. Alasiri jiwe likawa linachuruzika, na harufu ikaondoka jikoni.

Mtoto akalia kwa sauti, akanyonya, udenda ukamtoka tele. Mama akaulamba udenda ule shavuni kwa furaha, kinyaa hana tena.

"Jikoni katoka," shangazi alisema akifunga kanga yake. "Sasa muangalie kama amerudi jiweni."

Nani aliangalia? Furaha iliwazidi.

Jumapili, mama akimimina chai, alisikia lamb, lamb. Akageuka. Mkeka ulikuwa mtupu. Mtoto alikuwa amelikumbatia jiwe kwa mikono miwili, analilamba kutoka chini kwenda juu, macho kayafumba kwa utamu. Mama akapiga yowe, akamnyakua, akamfuta mdomo kwa kanga, akampa ziwa.

Mtoto akalisukuma ziwa. Akaikazia macho midomo ya mama yake, akaachama, akasubiri.