Sekunde Saba za Pazia

"Dada, umeona? Sekunde saba."

"We mtoto, hata sinema unaipima kama saa ya mteja?"

Fundi saa hakucheka. Tamthilia hii ya nyimbo aliitazama jukwaani mara kumi na moja mwaka uliopita, na leo imekuwa filamu. Wimbo wa kuagana ulipoisha, wale wapenzi wawili walibaki wakitazamana, kimya. Jukwaani ilikuwa hivyo hivyo, kwa sababu pazia lilichelewa kushuka. Lakini filamu haina pazia.

"Mbona siku niliyokwenda bila wewe lilishuka palepale?" dada yake akauliza.

Fundi saa akamgeukia.

Mvuta pazia wa ukumbi ule wa tamthilia alikuwa amemposa fundi saa. Walikuwa wamezungumza wiki tatu tu, na kesho alitakiwa kumjibu. Moyo ulitaka, akili ikagoma: mtu anapendaje kwa wiki tatu?

Dada wawili walipotoka nje ya sinema, fundi saa akamwandikia mvuta pazia: "Kile kimya baada ya wimbo wa kuagana, nani alikiamua?"

"Mwongozaji wa filamu. Alikiona jukwaani akadhani ni sanaa."

"Na jukwaani?"

Hapo simu ikaita.

"Kamba ilikuwa mkononi mwangu," mvuta pazia alisema taratibu.

"Ilikwama?"

"Haikukwama."

"Sasa?"

"Wimbo ule ukiisha, taa zilimulika hadi mstari wa tatu. Ulikuwa unalia wala hujifichi. Nikishusha pazia, sikuoni tena."

Dada mtu akabana sikio kwenye simu.

"Mara ngapi?" fundi saa akauliza, ingawa alijua.

"Kumi na moja. Meneja alinionya mara kumi."

"Na ya kumi na moja?"

"Siku hiyo mwongozaji alikuwa ukumbini. Akamwambia meneja, hapo pasiguswe."

"Mwaka mzima, na hukunisemesha?"

"Nilikuwa nyuma ya pazia, mama. Ningekusemesha nikiwa wapi?"

Dada akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Fundi saa alinyamaza, macho kwenye mshale wa saa yake ya mkononi.

"Upo?"

"Nipo. Nimekuonjesha sekunde saba. Ni ndefu, eh?"

"Ndefu sana."

"Basi njoo nyumbani Jumamosi, saa kumi. Mama anataka kukuona. Jibu langu ni ndiyo, na usichelewe."

"Hata kidogo?"

"Sekunde saba nakuruhusu. Ya nane, nafunga mlango."