Chupa Mbili za Plazma

Saa sita mchana, Jumanne tarehe 9 Machi 1999, Sumeya alimfungua nguo mjukuu wake katika nyumba moja ya uzazi Kamenu, Thika, akapiga ukelele uliowatoa watu wodini.

"Huyu si wetu! Mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguka, nikamwona matroni ameinua mvulana!"

"Mama, una mtoto wa jicho," Matroni Syombua akamjibu taratibu. "Daftari linasema Amida amezaa msichana."

Amida, mkaza mwanawe Sumeya, alikuwa usingizini kwa dawa; hakuona lolote. Asubuhi hiyo walipasuliwa wawili: yeye, kisha Mwende, mkazi wa Theta. Mwende aliandikiwa mvulana. Daktari, aliyeshona matumbo mawili mfululizo, hakukumbuka nani alizaa nini. Na kundi la damu? Wote O. Balaa gani hii!

Inspekta Mburu alimkamata Jared, mfagiaji aliyesukuma vitanda vya watoto hadi wodini, akasema kesi imekwisha. Maskini, Jared alilia mpaka kamasi zikamtoka. Ijumaa Mwende angepelekwa Kitui kwa wakwe zake na mtoto wake, na Amida aliambiwa azoee tu. Azoee! Kana kwamba mtoto ni kiatu kinachobana!

Habari zilimfikia Auma. Auma alifanya kazi katika maabara ya kliniki moja Ruiru, na mwezi uliopita alikuwa amewatoa Amida na Mwende damu ya utafiti walipokwenda kuchunguzwa ujauzito wao. Akampigia simu Mburu. Inspekta alipofika Jumatano saa mbili asubuhi, Auma alikuwa akitoa chupa mbili ndogo kwenye friza. Mburu akanyoosha mkono. Akachapwa vidole.

"Usiguse, afande! Chupa hizi mwanaume hazishiki. Kipande kimoja cha ngozi yako kikiingia humu, kazi yangu imekufa."

"Kwani sisi tuna ukoma?"

"Mna kromosomu Y, nasi hatuna. Sasa sikiza. Haya maji ya manjano ni plazma, yanabaki juu damu ikishazungushwa kwa mashine. Humu mna vipande vya DNA ya mama, na vichache vya mtoto aliye tumboni. Hilo limegunduliwa mwaka juzi tu. Nikipata Y kwenye damu ya mama, mtoto ni wa kiume."

"Ati nini? Haki ya Mungu!"

"Nipe mpaka Ijumaa."

Ijumaa saa nane mchana walikutana ofisini kwa matroni: Mburu, Auma, Amida na mumewe Hassan, na Mwende akiwa tayari kuondoka, mvulana kifuani.

"Matroni, daftari ulilijaza saa ngapi?" Auma akauliza.

"Saa tano kamili, mle mle chumba cha upasuaji. Mimi hufuata utaratibu."

"Na Jared aliingia saa ngapi?"

"Saa tano na nusu. Ndipo akachanganya vitanda."

"Kama ni yeye aliyechanganya, basi daftari lingesema Amida amezaa mvulana. Lakini nusu saa kabla hajaingia, wewe ulikuwa umeshaandika msichana."

Syombua akalivuta daftari upande wake.

"Plazma ya Amida ina Y," Auma akaendelea. "Ya Mwende haina. Tumerudia mara tatu."

"Vichupa vyenu!" matroni akafoka. "Si vinashikwashikwa na wanaume huko?"

"Thubutu!" Mburu akasema. "Mimi mwenyewe nilichapwa."

Auma akaweka mezani orodha ya waliozishika chupa. Wanawake peke yao, sahihi na saa. Matroni akaisoma hadi chini, kisha akaketi kwa kishindo.

"Mwende ni mke wa ndugu yangu, nao wana wasichana wanne," akasema, machozi yakimtoka. "Mama yetu aliapa, akizaliwa wa tano, Mwende atarudishwa kwao. Niliwapokea watoto wote wawili kwa mikono yangu, nikawabadilisha. Mwende, nilikuonea huruma!"

Mwende akasimama, akijishika mshono.

"Wifi, nilikutuma? Nani alikuambia nimechoka na wasichana?" Akamwendea Amida, akamkabidhi mvulana. "Dada, huyu ni wako. Nipe msichana wangu. Na anayetaka kunifukuza aje atufukuze na watoto wote watano, tuone!"

Mburu alikuwa tayari kwenye simu, akiamuru Jared aachiliwe. Amida alicheka na kulia kwa pamoja, hakujua aanzie wapi kumbusu mwanawe. Hassan akainama kwenye sikio la kulia la mtoto akamwadhinia, na hata kabla hajamaliza wodi nzima ilikuwa inapiga vigelegele.