Ijumaa Tatu za Daftari la Imakulata

Kila asubuhi Imakulata alifagia banda la chekechea, akabandika sufuria ya uji, kisha akawapokea watoto kutoka kwa mama zao waliokuwa mbioni kwenda kwenye tumbaku. Ulikuwa mwaka 1975, na kijiji chao cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Goweko, kilikuwa bado kipya.

Imakulata alikuwa na miaka kumi na sita, akijifunza kazi ya ulezi. Ili apate cheti, ilimpasa kumwonyesha Bibi Maendeleo, afisa wa serikali aliyezungukia vijiji, daftari la miezi mitatu: watoto wamekula nini, nani ameugua, na uzito wa kila mtoto kila Ijumaa. Cheti hicho alikitamani kuliko kitu chochote.

Mizani ilikuwa moja tu, ya ghala la tumbaku. Mtoto alitiwa kapuni, kapu likatundikwa. Msimu wa mauzo ulipofika, Mzee Raymundi, mtunza ghala, alimzuia Imakulata mlangoni.

"Rudi kesho, binti. Lori linasubiri marobota."

Kesho ikawa kesho kutwa. Imakulata aliogopa kuacha nafasi tupu daftarini, basi akachukua uzito wa wiki iliyopita na kumwongezea kila mtoto robo kilo. Ijumaa ya pili akafanya vivyo hivyo. Ya tatu hata ghalani hakwenda. Uongo, ukishauzoea, haukuchoshi.

Wiki hiyo Ng'washi, mama yake Shilinde, alimjia na wasiwasi.

"Mwalimu, mwanangu hachezi siku hizi. Analialia tu. Ana nini?"

Imakulata alimtazama yule mtoto wa miaka miwili. Mashavu yamejaa, miguu imetuna. Akafungua daftari, akasoma kwa sauti.

"Anaongezeka kila wiki, mama. Huoni anavyonenepa?"

Ng'washi hakujua kusoma. Alishukuru, akaenda zake kwenye mabani ya kukaushia tumbaku.

Jumatatu alifika Bibi Maendeleo, Mama Mwanamkuu, mwenyeji wa Tabora mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete daftari." Alisoma taratibu, akatabasamu. "Mwandiko safi. Huyu Shilinde amestawi kweli, hebu nimwone."

Alipomwona, tabasamu lilimtoka. Aliubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, kisha akaondoa kidole. Shimo likabaki pale pale kwenye ngozi.

"Huku si kunenepa. Amevimba kwa utapiamlo. Ulimpima lini?"

Imakulata alilitazama daftari. Angeweza kusema Ijumaa, na daftari lingemtetea. Lakini Shilinde alikuwa akimtazama kwa macho yaliyochoka, hata kulia hawezi.

"Sijampima wiki tatu," alisema, machozi yakimtiririka. "Nilibuni."

Marobota yalishushwa mizanini. Daftari lilisema kilo kumi. Mizani ilisema nane, pamoja na yale maji ya uvimbe. Jioni hiyo hiyo Ng'washi na mwanawe walipanda treni kwenda hospitali.

Shilinde alilazwa wiki sita. Mara mbili waliokuwa wakimuuguza walikata tamaa. Hatimaye alirudi nyumbani, amekonda, lakini anakula. Cheti Imakulata hakukipata mwaka ule. Mwenyekiti wa kijiji naye aliamuru kwamba kila Ijumaa asubuhi mizani ni ya watoto, lori lisubiri.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua," Mama Mwanamkuu alimwambia. "Nafasi tupu ingeniambia kwamba mizani imekosekana, nami ningeidai. Anza daftari jipya."

Ijumaa ya kwanza Imakulata alimtundika Shilinde kapuni. Ng'washi alisimama kando, amejifunga khanga kifuani.

"Kilo nane na robo," Imakulata alisema, akaandika.

"Mwanangu nilimwona kwamba anaumwa," Ng'washi alisema polepole. "Niliona kwa macho yangu. Ukanisomea daftari, nikayakana macho yangu. Asiyejua kusoma humwamini anayejua, binti. Usituue kwa kalamu."

Imakulata aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

Ng'washi alimtoa mtoto kapuni, akanyoosha kidole daftarini.

"Nisomee tena."